Kulipia pepa siyo utapeli, tatizo liko kwingine

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa chuo binti mmoja wa masters aliweka picha ya imeili aliyoipata usiku. Inaanza na "Mheshimiwa Profesa", yeye ambaye hata tasnifu hajaitetea, halafu inamsifia kwa utafiti wake wa kina (anafanya utafiti wa nyanya) na kumkaribisha achapishe kwenye jarida la kimataifa la magonjwa ya moyo, majibu ndani ya saa 72, ada dola 150 tu. Akauliza, jamani hii ni ya kweli au ndo ile ya tuma kwenye namba hii?

Basi grupu likawaka. Mmoja akasema jarida lolote linaloomba hela ni la matapeli, mwisho wa habari. Mwingine akaja juu, mbona suparvaiza wake alilipiwa na mradi dola elfu mbili na jarida lenyewe ni la heshima duniani. Wa tatu: angalia tu kama lina ISSN, ile namba ya utambulisho wa jarida. Wa nne, na huyu yupo kila grupu, akasema yaliyomo Scopus peke yake (hifadhidata ya majarida), nje ya Scopus ni takataka. Mpaka saa sita usiku kila mtu ameshika kipande chake cha ukweli na hakuna mwenye kitu kizima.

Mimi nashinda maktaba ya chuo, maswali haya nayapata karibu kila wiki, wengi wanaouliza wameshabanwa tayari maana kuna fomu ya kupandishwa cheo inasubiri pepa, yaani makala ya utafiti, au chuo kimesema hupati gauni bila pepa. Kenya kwa mfano miongozo ya tume ya vyuo vikuu ya 2014 iliweka wazi kwamba mwanafunzi wa PhD awe na pepa mbili kwenye majarida yenye uhakiki. Presha ya namna hiyo ndo soko la matapeli, kwa hiyo ngoja tuanzie chini kabisa.

Jarida la kitaaluma ni kama gazeti la watafiti, linatoka mara mbili au nne au kumi na mbili kwa mwaka, siku hizi mengi yako mtandaoni tu. Kilichomo ndani kinaitwa makala ila chuoni kila mtu anasema pepa na mimi nitasema pepa. Unamtumia mhariri, anaisoma, anaweza kukurudishia hapo hapo bila hata kuipeleka mbele (inawapata hata maprofesa, sema hawasimulii), akiona ina uhai anawatafuta watu wawili watatu wanaolijua hilo somo waichambue. Hao ndo wahakiki na kazi yao ndo inaitwa rivyu, na kwa kawaida hawalipwi hata mia.

Chukulia unanunua kiwanja. Muuzaji anakwambia mpaka unaishia kwenye ule mwembe. Mtu mwenye akili hatoi hela hapo, anaita majirani wa mpakani, wale wanaolima pembeni ya hicho kiwanja miaka yote, waje waseme kama kweli ni mwembe au mpaka halisi uko hatua kumi nyuma. Rivyu ni hao majirani. Wanaweza kukosea, wanaweza kuwa na visirani vyao, kuna jirani atapinga kila kitu kwa sababu hakupendi tu, lakini kiwanja kilichouzwa bila kuita jirani hata mmoja unajua mwenyewe kinakoishia. Jarida la kitapeli, au jarida windaji kama wengine wanavyosema, ni yule dalali anayekwambia majirani wa nini bwana, lipa nikupe karatasi ina muhuri.

Kwa hiyo swali siyo "wanachaji?". Swali ni "majirani wameitwa?"

Nani analipa sasa

Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa na wana haki ya kuchanganyikiwa. Zamani karibu majarida yote makubwa yalikuwa kama gazeti la mtaani, msomaji ndo ananunua. Maktaba inalipia kwa mwaka, bei zenyewe kali, na wewe ukiwa nje ya chuo ukibonyeza pepa unakutana na ukuta unaokudai dola 30 au 40 usome kurasa nane. Mwandishi hakuwa analipa, au alilipa kidogo.

Halafu likaja wazo kwamba utafiti, hasa uliofanywa kwa kodi za watu, usomwe bure na kila mtu. Ndo hayo majarida ya wazi, openi aksesi kwa lugha ya chuoni. Ila kuendesha jarida kuna gharama, mtambo na wahariri na wanaopanga kurasa, na msomaji halipi, basi majarida mengi yakahamishia bili kwa mwandishi. Ni kama matangazo ya vifo redioni, wasikilizaji nchi nzima wanasikia bure, familia ya marehemu ndo imelipia. Hiyo bili inaitwa ada ya uchapishaji, utaiona imeandikwa APC. Inaweza kuwa dola mia, inaweza kuwa elfu tatu, na jarida maarufu la Nature walipofungua mlango huo 2021 walianza na euro 9,500, yaani zaidi ya milioni ishirini za Kitanzania kwa pepa moja. Mimi nikiambiwa bei hiyo ni halali nakubali ni halali, ila kwamba ni ya haki hapo tutabishana.

Kuna majarida chotara, yaani ya kulipia kwa msomaji lakini ukitaka pepa yako peke yake iwe wazi unaongeza hela. Na kuna yanayoitwa ya almasi, ambayo mwandishi halipi na msomaji halipi, chuo au chama cha wanataaluma ndo kinabeba mzigo, kama basi la wafanyakazi, unapanda hudaiwi nauli ila kuna mtu kajaza mafuta. Haya yapo mengi kuliko watu wanavyodhani na hayana kelele kwa sababu hayana hela ya kutuma imeili usiku. Wanaosoma Kiswahili wanalijua Swahili Forum linalotoka Ujerumani, unafungua mtandaoni unasoma bila kudaiwa chochote.

Ushahidi kwamba hela siyo kipimo upo, na ni kisa kitamu. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon alitunga pepa ya uongo, eti kuna kemikali kutoka kwenye kuvu-mwani inazuia seli za saratani, akaijaza makosa ambayo mhakiki yeyote wa kweli angeyaona asubuhi kabla ya chai, akabuni majina ya waandishi na vyuo vya Kiafrika visivyokuwepo, akatuma kwenye majarida ya wazi 304. Majarida 157 yaliikubali. Watu wakashangilia, mnaona, ya kulipia yote ni ya hovyo! Ila angalia vizuri matokeo. PLOS ONE, jarida ambalo linachaji na halifichi, liliuliza maswali ya maadili ya utafiti ambayo wengine hawakuuliza na likaitupa pepa ndani ya wiki mbili hivi. Na kati ya walioikubali kulikuwa na majarida yaliyo chini ya wachapishaji wakubwa wenye majina, Elsevier na Sage wamo. Kwa hiyo kuchaji hakukumfanya mtu tapeli na jina kubwa halikumfanya mtu makini.

Sasa utapeli wa kweli ukoje, tazama kesi ya OMICS, kampuni ya Hyderabad, India. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwashtaki 2016 na mwaka 2019 mahakama ikawaamuru walipe zaidi ya dola milioni 50. Walichokutwa nacho: kudai kuna rivyu wakati pepa nyingi hazikupitiwa vya kutosha, kutumia majina ya wataalamu ambao hawakukubali kutumika, na kuficha ada mpaka pepa ikubaliwe ndo bili inakuja. Hilo la kuficha ada nalisisitiza kwa wanafunzi wangu kila siku. Jarida la haki linaweka bei mlangoni kama mama lishe anavyobandika bei za wali.

Plate namba haisemi kama breki zinashika

Turudi kwa yule wa ISSN. ISSN ni namba ya utambulisho wa jarida, inatolewa kwa yeyote anayetoa chapisho la mfululizo, hata jarida la mapishi linayo. DOI ni namba ya pepa moja moja ili isipotee hata tovuti ikihama. Zote mbili ni kama plate namba ya gari. Gari bila plate namba lina walakini, sawa, lakini plate namba haijawahi kumwambia mtu kama breki zinashika. Matapeli wana ISSN, wana DOI, wana nembo nzuri kuliko za kwetu.

Orodha ya wahariri nayo watu wanaiamini sana, wakiona Harvard hapo wanatulia. Watafiti wa Poland walifanya mtego mwaka 2015, wakamtengeneza mwanataaluma asiyekuwepo, Anna O. Szust (oszust kwa Kipolandi maana yake ni tapeli!), CV yake ya uongo na haina pepa ya maana hata moja, wakamwombea kazi ya uhariri kwenye majarida 360. Majarida 120 yalitoka kwenye orodha ya majarida yanayoshukiwa, na humo 40 yakampa kazi. 120 yalitoka kwenye saraka ya majarida ya wazi ya DOAJ, na humo 8 yakamchukua. 120 ya mwisho ni yale yenye alama rasmi ya athari, inayopima jarida linanukuliwa kiasi gani, hayo hakuna hata moja lililomkubali. Matokeo yakachapishwa Nature 2017. Kwa hiyo ukiona jina kubwa kwenye orodha ya wahariri, nenda kwenye ukurasa wake wa chuoni uone kama na yeye analitaja hilo jarida. Dakika tano tu.

Hiyo orodha ya wanaoshukiwa ilitengenezwa na mkutubi mwenzangu, Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, ndiye aliyelipa umaarufu hilo jina la majarida windaji. Aliiondoa mtandaoni Januari 2017. PDF inayozunguka kwenye magrupu yetu ni nakala za zamani zimeongezwa na watu wasiojulikana, sasa mtu anakuja kaunta ananionyesha kama hati ya mahakama! Jarida lililozaliwa mwaka jana litakuwemo vipi humo?

Alama ya athari kwa lugha ya hesabu za darasa la tano

Impakti fakta, alama ya athari, inatisha watu bure. Jarida limetoa pepa 40 kwa miaka miwili iliyopita, mwaka huu watu wamezinukuu mara 80, gawa 80 kwa 40 unapata 2. Ndo hiyo, imeisha. Inatolewa rasmi na kampuni ya Clarivate, na ukiona imeandikwa "global" au "universal" mbele yake, au imetoka kampuni usiyoijua, kuna mtu kajitungia.

Ila ni wastani, na wastani una ujanja wake. Darasani mmoja akipata 98 na wengine wote 20, wastani unapanda na hakuna aliyefaulu zaidi yake. Pepa moja maarufu inaweza kulibeba jarida zima miaka miwili wakati yako humo humo hakuna aliyeisoma. Tena namba zinatofautiana kwa somo, wa tiba wananukuana haraka na kwa wingi, wa isimu na historia wanachukua miaka, kulinganisha jarida la saratani na Kioo cha Lugha, jarida la Kiswahili, ni kulinganisha bodaboda na jahazi. Mwalimu wa Kiswahili anayeambiwa na kamati alete impakti fakta ya 3 anaonewa, na nalisema hili hadharani.

Na Scopus? Scopus ni hifadhidata ya Elsevier iliyoanza 2004, inachagua majarida na kuhesabu nukuu. Ni kichujio kizuri tu, siyo mbinguni. Majarida yanaingia na yanatolewa, kwa hiyo usiulize "lipo Scopus?", fungua orodha yao ya vyanzo (bure, haihitaji akaunti ya chuo) uangalie linahesabiwa mpaka mwaka gani. Nimeona mtu ana barua ya kukubaliwa kutoka jarida ambalo Scopus waliacha kulichukua miaka mitatu nyuma na kwenye tovuti nembo bado inang'aa. Linganisha na anwani ya tovuti pia, maana kuna watu wananakili jarida halisi, jina lile lile na ISSN ile ile, wanafungua tovuti ya pembeni wanakusanya hela.

Hata walio ndani ya Scopus wanaoza. Hindawi walikuwa wachapishaji wa heshima, wachapishaji wakubwa Wiley wakawanunua 2021 kwa dola milioni 298, kumbe ndani ya matoleo maalumu viwanda vya pepa vilishajipenyeza, yaani watu wanaotengeneza pepa za uongo na kuuza nafasi ya jina. Mwaka 2023 zaidi ya pepa 8,000 zilibatilishwa na Wiley wakatangaza kuachana na jina la Hindawi. Kubatilishwa ni jarida kusema rasmi pepa hii msiitegemee tena, haifutwi kimya kimya, inabaki na alama. Wakati mwingine inachelewa mno: pepa ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 kwenye jarida la tiba la Lancet, iliyohusisha chanjo na usonji kwa kutumia watoto 12, ilibatilishwa 2010, na mpaka leo kuna mtu kliniki anainukuu bila kujua anainukuu.

Nje ya Scopus nako kuna watu makini. AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika ulioanza 1998 na sasa uko Afrika Kusini, unahifadhi mamia ya majarida yetu na mengi yana alama za nyota za ubora wa uendeshaji. Anzia hapo kama utafiti wako ni wa wasomaji wa huku, mambo ya udongo wa Mbeya anayeyahitaji yuko Mbeya.

Ukishanasa, na ukitaka kupunguziwa

Hili silioni likiandikwa sana. Umetuma, wamekukubali kwa siku tatu, ndo unashtuka. Usilipe. Usisaini fomu ya kuhamisha hakimiliki. Andika imeili fupi ya kuondoa pepa, weka tarehe, hifadhi nakala. Watakwambia kuna ada ya kuondoa, dola mia na kitu, hiyo ni njaa tu, jarida la haki halikudai hela kwa pepa uliyoiondoa kabla haijapitiwa. Ubaya unaanza wakiiweka mtandaoni, maana jarida la kweli likiikuta pale litasema imeshachapishwa, na ndo maana kasi inatakiwa. Mwenzetu mmoja alilipa ili yaishe, wakaichapisha bila hata kurekebisha jina lake lililokosewa, data za miaka miwili zikafia pale. Na usitume majarida mawili kwa wakati mmoja kwa sababu unaogopa, hilo nalo ni kosa, ni kama kupeleka posa nyumba mbili na mahari moja.

Kuhusu hela, ombeni msamaha wa ada, jamani ombeni. Wachapishaji wengi wakubwa wanafuata makundi ya Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata machapisho ya kitaaluma: nchi za kundi A (Tanzania ni mojawapo) mara nyingi hazilipi kabisa kwenye majarida yaliyo wazi moja kwa moja, za kundi B zinapunguziwa, kwa kawaida nusu. Wanaangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida, au ya waandishi wote, kwa hiyo mkiwa na mwenzenu wa Sweden someni sheria kwanza ndo muamue nani atume. Majarida chotara mara nyingi hayamo kwenye msamaha, na humo unaweza tu kuchapisha bila kuchagua kuwa wazi na usilipe kitu. Omba kabla au wakati wa kutuma, ukishakubaliwa wengi wanafunga mlango. Na mkutubi wako anaweza kujua mikataba ambayo muungano wa maktaba umeingia, Tanzania ni COTUL, Kenya ni KLISC. Tupo pale tunakunywa chai, njooni muulize.

Akili mnemba nitaipitia tu. Inaruhusiwa kukunyooshea Kiingereza majarida mengi ukisema umeitumia, hairuhusiwi kuwa mwandishi, COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, walilisema hilo 2023 kwa sababu mashine haiwezi kuwajibika. Marejeleo inayokupa yafungue moja moja maana inayatunga. Februari 2024 jarida moja la wachapishaji Frontiers lilitoa pepa yenye panya aliyechorwa na mashine, viungo vya uzazi vikubwa kuliko mwili na maneno yasiyo ya lugha yoyote, ikabatilishwa ndani ya siku chache. Ona sasa, hapo palikuwa na mhariri na wahakiki na ada, na panya akapita!

Yule binti wa nyanya nilimwambia kabla hajaifuta ile imeili awajibu swali moja tu: wahakiki wenu wa magonjwa ya moyo watasomaje utafiti wa nyanya? Wakamjibu baada ya dakika kumi. Punguzo la asilimia 40, ofa inaisha Ijumaa.